Unyoya wa Tatu

Kama kuna mtu aliyewahi kukuambia kwamba mimi nilikaa kimya mahali, ujue alinisingizia. Mdomo wangu hauna breki. Mama yangu mzazi alikuwa akisema nilizaliwa nikibishana na mkunga. Huu ni mwaka wa ishirini na sita natengeneza meno ya bandia, mtaa mzima unaniita Mama Meno, na wateja wangu wanajua kwamba wakija kwangu meno watapata na maneno watapata, yote kwa bei moja. Ndiyo maana nikiikumbuka Jumamosi ile nashikwa na hasira, na hasira yenyewe sina wa kumpelekea, maana mwenye kustahili ni mimi mwenyewe.

Chanzo ni Kapteni. Alikuja karakanani kwangu miaka miwili iliyopita kutaka meno ya juu, mzee wa miaka themanini na moja, mrefu, koti limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Juu ya mfuko wa kushoto alivaa beji ya fedha, mabawa mawili yaliyokunjuliwa na duara katikati. Nikamuuliza ni ya nini. Akasema, "Nilirusha ndege za jeshi, mwanangu. Hii walinibandika siku niliyofuzu." Kwenye bawa la kushoto, unyoya wa tatu ulikuwa umepinda na ncha yake imekatika. Akanieleza kwamba siku moja injini ilimzimikia hewani, akaitua ndege shambani kwa tumbo, na chuma cha mkanda wa kiti kikamgonga kifuani. "Zilivunjika mbavu mbili na unyoya mmoja," akasema. "Mbavu ziliunga."

Basi, nikaingia kwenye ugonjwa. Nikaanza kukusanya beji za marubani wa zamani. Ya kwanza niliinunua kwa muuza vitu vya kale, nyeusi tii, nikaipeleka moja kwa moja kwenye gurudumu langu la kung'arishia meno, nikaisugua mpaka ikawa inaonyesha kope zako. Nikaenda nayo kwa maringo hadi kwa Mthamini, mwenyekiti wa chama cha wakusanyaji, mzee mkavu ambaye lenzi yake hulala naye. Aliishika kwa vidole viwili, akafumba macho. "Mama Meno," akasema, "ule weusi ndio uliokuwa cheti chake cha kuzaliwa. Na wewe umekifua." Kumbe nilikuwa nimeshika beji ya kweli, na kwa dakika kumi za gurudumu nilikuwa nimeipunguzia bei ikabaki robo.

Baada ya hapo akaniweka chini akanifundisha. Pima uzito, pima upana, geuza mgongo, kagua pini. Beji ya kweli imegongwa: bamba la fedha linakandamizwa kwenye kalibu ya chuma kwa nguvu mpaka kila unyoya unakaa na makali yake. Ya kughushi mara nyingi imemiminwa: mtu anachukua umbo la ile ya kweli, anayeyusha madini, anamwaga. Na madini yakipoa yanasinyaa, kwa hiyo mtoto siku zote ni mdogo kuliko mama, hata kama ni kwa upana wa unywele. Thamani inakuja baadaye: zilitolewa ngapi, hali yake ikoje, na mwenyewe anajulikana au hajulikani. "Usinunue hadithi, nunua chuma," ndiyo ilikuwa kauli yake. "Hadithi inaweza kusema uongo. Kipimo hakina undugu na mtu."

Mimi nikaongeza la kwangu, ambalo sikumwambia. Kila beji ya kweli iliyopita mikononi mwangu niliichukulia umbo kwa ile dawa laini tunayotumia mdomoni mwa wagonjwa, nikalimwagia plasta, nikaiweka rafuni pamoja na fizi za watu. Kumi na moja nilikuwa nazo, kila moja na kibandiko chake. Nikiletewa beji nyingine nailinganisha na plasta yangu, jioni, taratibu, na chai pembeni. Ya Kapteni ndiyo niliyoanza nayo. Nilipomwomba alicheka, akasema, "Wewe umeshaingiza mikono yote miwili mdomoni mwangu, nitakunyima hiki?" Akaivua akanipa.

Sasa karakanani siko peke yangu. Nina mdogo wangu wa kiume, tumbo moja, miaka arobaini na miwili, namwita Fundi Moto kwa sababu tanuri ni lake. Mimi nachukua maumbo, nachonga nta, nazungumza na wagonjwa. Yeye anayeyusha na kumimina. Sijaona mikono kama ile. Lakini ana donda lake la siku nyingi, kwamba kazi yake inaishia ndani ya midomo ya watu, gizani, na mtu akisifiwa tabasamu anasifiwa yeye mwenye mdomo. "Mimi ni fundi ambaye kazi yake ikionekana ndiyo imeharibika," aliniambia siku moja. Nikamjibu aoshe vyombo.

Jumamosi hiyo Kapteni alikuwa na jambo zito. Marubani wastaafu walikuwa wanajenga ukumbi wao, na ukutani wangechora majina ya kundi la kwanza kabisa lililofuzu. Majalada ya zamani yaliungua zamani hizo, na matapeli wawili walishajitokeza wakidai nao walirusha. Wakaamua hivi: hakuna jina litakaloandikwa bila beji ya asili iliyothibitishwa na chama chetu. Kapteni hakuwa na karatasi wala picha. Wenzake wa kundi lile walikuwa wameshatangulia mbele ya haki, wote. Alikuwa na hiyo beji tu, na kama ingekataliwa, jina lisingeandikwa, naye angehesabiwa tapeli wa tatu.

"Usiwe na wasiwasi, mzee wangu," nilimwambia. "Hiyo naijua kuliko ninavyojua meno yangu. Nitakuwepo."

Tulikutana asubuhi, chumba cha juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ambalo ni la mwanachama mwenzetu tunayemwita Tajiri wa Misumari. Kulikuwa na harufu ya rangi, feni inayogonga, meza ndefu iliyotandikwa blanketi la kijivu ili beji zisikwaruzwe, mizani ndogo, kipimo cha kubania, taa ya shingo ndefu. Wanachama tisa. Fundi Moto alikuja nami kunibebea sanduku, na nilishangaa kidogo, maana siku nyingine Jumamosi humtoi kitandani kwa winchi.

Kapteni alikaa kwenye kiti cha mwisho, mgongo wima, kofia magotini.

Tajiri wa Misumari ndiye aliyeanza. "Kabla ya mzee, naomba niwaonyeshe bibi harusi wangu," akasema, akatoa kijaluba cha velveti na kukifungua juu ya blanketi. "Nimeipata wiki iliyopita. Ya kundi la kwanza!"

Nikainama kama wengine. Mabawa ya fedha, duara katikati, weusi mzuri kwenye mifereji. Na kwenye bawa la kushoto, unyoya wa tatu, umepinda, ncha imekatika.

Ule unyoya nimeutazama kwenye plasta jioni mia moja. Na beji mbili haziwezi kupata jeraha moja, kama vile watu wawili hawawezi kung'oka jino kwa ufa mmoja. Nikanyanyua macho taratibu nikamtafuta mdogo wangu. Alikuwa anatazama feni.

Mthamini aliichukua, akaipima, akaigeuza, akakaa nayo chini ya taa muda mrefu. "Uzito wake sawa," akasema. "Upana sawa. Makali ya manyoya, mashallah. Ndugu zangu, katika miaka thelathini sijashika iliyo safi kuliko hii." Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho mpaka leo kinanichoma. Pembe ya mdomo wa Fundi Moto ilipanda. Alikuwa anatabasamu, mjinga yule, kwa furaha ya kweli, macho yanamng'aa. Hapakuwa na haja ya kumuuliza tena.

"Naomba maji," nikasema, nikamvuta mkono mpaka kwenye ngazi, kati ya ndoo za rangi.

"Niambie siyo wewe."

"Dada..."

"Niambie siyo wewe, nikuamini, tuondoke."

Akaangalia chini. "Nilichukua plasta yako. Nilitaka kuona kama naweza. Ikatoka nzuri, dada, hata wewe ungeshangaa. Nikampelekea yule muuza vitu vya kale."

"Ukamwambia ni nakala?"

Akasukuma ndoo ya rangi kwa mguu.

"Nakuuliza, ulimwambia?"

"Sikumwambia kitu. Aliitazama akataja bei mwenyewe. Nilitaka nijue kama itapita." Akanishika kiganja, na mkono wake ulikuwa baridi. "Nikishikwa, karakana inafungwa. Jina lako ndilo liko mlangoni. Kaa kimya tu, dada, nakuomba. Kapteni ana ya kweli. Ya kweli inaogopa nini? Watapima, ya kwake itapita, basi. Tajiri atabaki na bibi harusi wake, hakuna aliyeumia."

Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka pia kumkumbatia, maana mimi ndiye niliyemlea tangu ana miaka sita, na alipokuwa akivunja kitu alikuwa anakuja na mkono baridi hivyohivyo. Damu nzito kuliko maji, wanasema, na siku hiyo ilinizidi uzito. Nikajiambia: kweli, ya Kapteni itapita yenyewe. Mama ni mkubwa, mtoto ni mdogo, Mthamini ana kipimo mkononi. Nitasema baadaye, nikiwa naye faragha. Nikarudi nikakaa.

Kapteni alikuwa ameshaivua beji yake na kuiweka mezani kwa mikono miwili. Mthamini akaikaribia, akakunja uso.

"Hili ni la ajabu," akasema. "Unyoya wa tatu."

Vichwa vyote vikainama. Mtu akapiga mluzi. Tajiri wa Misumari akavuta kijaluba chake karibu na tumbo.

"Jeraha moja, beji mbili," akasema Mthamini. "Basi mmoja ni mama na mwingine ni mtoto. Hakuna njia ya tatu."

Alichukua kipimo. Akabana beji ya Tajiri, akaandika. Akabana ya Kapteni. Akarudia. Na mimi wakati huo huo ndipo akili iliponirudi, kwa sababu nilikumbuka kitu ambacho fundi wa meno yeyote hapaswi kukisahau hata akiwa usingizini. Plasta yetu ya kuchomea, ile tunayoizungushia nta kabla ya kumimina, inatanuka. Imetengenezwa itanuke makusudi. Jino likisinyaa hata kwa unywele halikai mdomoni, kwa hiyo kalibu yetu ikipata moto inapanuka kwanza, kiasi kilekile madini yatakachosinyaa baadaye. Kinachotoka kwenye tanuri la mdogo wangu ni saizi ya mama yake, na siku nyingine, moto ukizidi kidogo, kinampita mama. Mthamini alikuwa anapima kwa sheria ya masonara. Sheria ya watu wa meno hakuijua, na ya Kapteni ilikuwa imefutwa na kitambaa kila asubuhi kwa miaka sitini, imeliwa kingo zote, kingo ambazo mdogo wangu alikuwa amezijazia nta.

"Ya mzee ni ndogo," akasema Mthamini. "Kidogo sana, lakini ni ndogo. Na nyepesi." Aliweka kipimo chini bila kelele. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ndio uliokuwa mbaya. "Mzee wangu, samahani. Hii ni nakala."

"Nini?" Kapteni akauliza.

"Imemiminwa kutoka hii nyingine. Pengine ya kwako ilipotea ukatengenezewa hii. Hutokea."

"Haijapotea hata siku moja. Haijatoka mwilini mwangu ila usiku."

Tajiri wa Misumari akacheka pembeni. "Na ule wa kutua kwa tumbo shambani? Ulikuwa ukimsimulia kila mtu kule chini dukani. Labda aliyetua alikuwa mwingine, akauza beji yake ukanunua nakala na hadithi juu."

"Kijana," Kapteni akasema, "chunga mdomo wako."

Mimi nimekaa hapo. Mimi, Mama Meno. Pembeni yangu nilikuwa nasikia pumzi ya mdogo wangu ikipanda na kushuka. Nikajiambia dakika moja tu, labda Mthamini ataigeuza, labda ataona mgongoni. Kila nilipotaka kufungua mdomo nilikuwa naona pingu.

Kapteni akasimama. "Bwana Mthamini, miaka sitini naishika kila siku. Nipe zote mbili. Nikifumba macho nitakuambia ipi ni yangu."

Chumba kikachangamka, watu wanapenda mchezo. Mthamini akazitia zote mbili ndani ya kofia ya mzee mwenyewe, akazitikisa, akamnyooshea. Kapteni alifumba macho. Akatoa moja, akapitisha kidole gumba juu ya manyoya kutoka duara mpaka ncha. Akairudisha. Akatoa ya pili, akafanya vilevile, akaenda na kurudi, na uso wake ukalainika.

"Hii," akasema. "Hii hapa. Naijua makali yake."

Mthamini akaipokea, akaigeuza. Kwenye mgongo wa beji ya Tajiri kulikuwa na kijikaratasi cha bei ambacho hakikubanduka vizuri, ndicho kilichotusaidia kuzitofautisha. Kilikuwa pale.

Mtu mmoja akaangua kicheko, wengine wakafuata. Siyo kicheko cha uadui, lakini kilikuwa kicheko. "Mzee amechagua ya kwangu!" Tajiri akapiga makofi. "Hata yeye anaipenda bibi harusi!"

Kapteni alifumbua macho. Alitazama beji kwenye kiganja cha Mthamini, akatazama ile iliyobaki kofiani, akakaa chini polepole, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mgongo wake uligusa kiti. Nilielewa kilichomdanganya. Kidole chake kilikumbuka makali ya zamani, makali ya siku aliyobandikwa, na Fundi Moto alikuwa ameyachonga upya manyoya yaliyolika ili kazi ipendeze. Alikuwa amemtengenezea mzee ujana wake, na mzee akaupokea.

"Nyamazeni!" nikapiga kelele. Sikujua kama nimesimama mpaka nilipoona kiti changu kimeanguka. "Nyamazeni nyote, na wewe Tajiri funga hilo domo! Ya Kapteni ndiyo mama. Hiyo ya kwako imezaliwa kwangu."

Hakuna aliyeelewa. Ikabidi niseme yote, plasta rafuni, dawa ya kuchukulia maumbo, kalibu inayotanuka, madini yetu yenye fedha ndani ambayo uzito wake unakaribia fedha yenyewe. Nilisema haraka kama mtu anayetapika. Mthamini alinisikiliza hadi mwisho, lenzi imening'inia shingoni.

"Haya ni maneno, Mama Meno," akasema. "Unampenda mzee, tunajua. Ushahidi?"

"Ikwangue mgongo uone si fedha tupu."

"Thubutu!" Tajiri akaikumbatia. "Hakuna anayegusa mali yangu kwa tupa. Nimelipa!"

Hapo ndipo Fundi Moto aliposimama. Alikuwa mweupe midomo. Alienda mezani, akanyoosha mkono, na nadhani Tajiri alimpa kwa mshangao tu, maana hakumjua ni nani. "Ukimimina lazima pawe na tundu la kuingilia madini," akasema, anaongea na Mthamini kana kwamba wako wawili tu. "Ukimaliza unabaki na kisiki. Unakikata, lakini alama yake haifutiki kabisa. Mimi niliificha chini ya mguu wa pini." Alitoa koleo mfukoni, lile dogo la kukunjia nyaya za meno, akabana mguu wa pini, akapinda. Ukalia kama mfupa. Chini yake kulikuwa na kiduara cheupe, rahisi kuonekana, saizi ya kichwa cha njiti ya kiberiti. "Iliyogongwa haina hiki. Igeuze ya mzee, bandua pini yake, hutakikuta."

Mthamini alitazama kwa lenzi. Kisha akaichukua ya Kapteni, akaitazama mgongo muda mrefu, akachungulia chini ya pini yake ile ya zamani iliyolegea, hakukuta kiduara, akaweka zote mbili chini.

"Umetengeneza ngapi?" akauliza.

"Moja," nikasema mimi, haraka.

"Nne," akasema mdogo wangu.

Nilimgeukia. Wanachama wawili walishaanza kufungua masanduku yao. Tajiri wa Misumari alikuwa anataja polisi, mahakama, na mama yetu, kwa mpangilio huo. Fundi Moto akatoa simu, akaanza kuwaandikia majina ya wauzaji aliowapelekea, kwa utulivu wa mtu ambaye jino lililokuwa likimuuma limeshang'olewa. Nilikuwa nimekaa kimya kwa ajili yake, na hakunilipa hata ukweli.

Mthamini alivuta daftari la chama. Akaandika, akapiga muhuri, akamsogezea Kapteni karatasi. "Ya asili. Imethibitishwa. Jina lako litaandikwa ukutani, mzee, na mimi mwenyewe nitakuja kuomba radhi mbele ya marubani wastaafu. Kwa bei sijui niseme nini. Kuanzia leo kila atakayeuona unyoya huo atafikiri ni ile nakala."

"Sikuja kuuza," akasema Kapteni.

Aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. Beji hakuivaa. Aliishika mkononi, akavaa kofia, akashuka ngazi akishikilia ukuta. Nikamkimbilia. Nilimkuta chini dukani, amesimama kati ya mashelfu ya makufuli, anapitisha kidole gumba juu ya manyoya, anaenda, anarudi.

"Nisamehe, Kapteni," nikasema. "Mdogo wangu nimemlea mimi, kosa ni langu. Lakini imethibitishwa. Si imethibitishwa?"

"Imethibitishwa."

"Na lile la kofia usiliweke moyoni. Hata mimi ningekosea. Ameyachonga yale manyoya, mtu yeyote angekosea."

Akanitazama. Macho yake hayakuwa na hasira, na bora yangekuwa nayo.

"Wewe hukukosea," akasema. "Ulijua ni ipi. Ulijua tangu saa ngapi, mwanangu?"

Ningeweza kudanganya. Mdomo ninao, na hakuna ambaye angenikamata. Lakini alikuwa ameniita mwanangu.

"Tangu Tajiri alipofungua kijaluba," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, akafikiri, akahesabu, nadhani, maana alitazama saa yake ya mkono.

"Karibu nusu saa," akasema. "Uliniacha nikafumba macho mbele ya watu."

Akatoka barabarani, nami nikabaki kati ya makufuli.